Hadithi ya Shuleni na Hadithi ya Madrasa

Sisi wa Tarime na Serengeti tunaosoma shule na madrasa, maneno haya matatu hutuchanganya:

1. Hadithi. Madrasa ni kauli au kitendo cha Mtume (s.a.w.), au jambo alilolikubali. Katika fasihi ni kisa, hata cha kubuni.

2. Riwaya. Madrasa ni mapokezi. Qur'ani tunaisoma kwa riwaya ya Hafs. Katika fasihi ni kisa kirefu cha kubuni, mfano Kusadikika ya Shaaban Robert (1951).

3. Maudhui. Katika elimu ya Hadithi ni ile iliyozuliwa. Katika fasihi ni yale yanayosemwa: dhamira, migogoro, ujumbe. Namna yanavyosemwa ni fani: muundo, wahusika, mandhari, lugha.

Je, mtunzi wa riwaya ni mwongo? Hapana. Nchi ya Kusadikika iko angani, na msomaji anajua ni ya kubuni. Lakini anayemzulia Mtume maneno huwafanya watu wayaamini, na hilo ni dhambi kubwa.

Basi tukiulizwa, tutazame kwanza ni somo gani, ndipo tujibu.