Mishiri ya Kukaanga: Mboga Inayoanza Kupikwa Sokoni

Ni mboga chache zilizo rahisi kupika kama mishiri. Huhitaji mafuta kidogo, kitunguu, chumvi na muda usiozidi dakika 20, nayo huwa tayari kuandamana na wali, ugali au chapati. Hata hivyo, wako wengi wanaoipika ikatoka ngumu na yenye nyuzi, au ikageuka rangi ya majani makavu, wakadhani kosa ni la moto. Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwamba nusu ya upishi huu hufanyika sokoni, kabla jiko halijawashwa, na kwamba nusu iliyobaki ina kanuni chache zinazohusu afya ya mlaji pamoja na ladha ya chakula.

Mishiri ni nini?

Mishiri ni maganda machanga ya mharagwe, mmea uleule tunaopata kwao maharagwe makavu. Tofauti yake imo katika aina ya mbegu na wakati wa kuchuma. Mkulima huyachuma maganda kabla punje za ndani hazijakomaa, aghalabu siku 45 hadi 60 baada ya kupanda, na hurudi shambani mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kuwa ganda likiachwa siku chache tu huanza kukaza. Nchini Kenya hulimwa Kirinyaga, Murang'a, Meru, Machakos na Naivasha. Nchini Tanzania hulimwa Arusha na Kilimanjaro. Sehemu kubwa ya zao hili husafirishwa kwenda Ulaya.

Soko hilo la ng'ambo hutaka maganda membamba, yaliyonyooka na yenye urefu unaolingana. Yaliyopinda au kunenepa kidogo huachwa, na mengi kati yake huuzwa katika masoko yetu. Mnunuzi asiyadharau, maana kupinda si kuharibika. Lililo muhimu ni kutenganisha ganda lililokataliwa kwa sababu ya umbo na lile lililokataliwa kwa sababu ya kuzeeka au kuoza.

Namna ya kuchagua

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa mishiri macho pekee hayatoshi. Tunashauri mnunuzi ayafanye mambo manne:

1. Alivunje ganda moja katikati. Ganda bichi na changa hukatika kwa mlio na kutoa unyevu. Likijikunja bila kukatika, limenyauka.
2. Atazame mahali lilipovunjika. Uzi ukining'inia, ganda limekomaa mno na halitalainika vizuri jikoni.
3. Apapase ganda kwa kidole. Punje zikijitokeza kama vinundu, mishiri hiyo imechumwa kwa kuchelewa.
4. Anuse na kugusa. Utelezi, madoa meusi yaliyobonyea au harufu ya uvundo ni dalili za kuoza, na kuosha hakutaondoa ubovu huo.

Bei na uzito

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hesabu ndogo itatuonyesha maana yake. Tuseme muuzaji mmoja anauza kilo moja kwa shilingi 140, na mwingine anauza fungu la gramu 300 kwa shilingi 50. Kwa haraka, wa kwanza ndiye mwenye nafuu, kwa sababu fungu la pili ni sawa na shilingi 167 kwa kilo. Lakini ikiwa robo ya mishiri ya muuzaji wa kwanza ni ya kutupwa, basi kilo moja ya mboga inayolika imegharimu shilingi 187 hivi. Mnunuzi mwangalifu hulinganisha bei ya kile kitakachofika mezani.

Anayeuza kwa uzito anapaswa kutumia mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo wa serikali. Kuomba kuuona muhuri huo, au kutaka mizani isimame kwenye sufuri kabla ya kupima, si utovu wa adabu.

Mabaki ya dawa za kuua wadudu

Mishiri hushambuliwa na wadudu wengi, na wakulima wengi huipulizia dawa. Kila dawa iliyosajiliwa huwa na maelezo ya siku zinazopaswa kupita kati ya kupulizia na kuvuna. Siku hizo zisipotimizwa, mabaki ya dawa hufika sokoni pamoja na mboga. Jambo hili si la kuwaziwa tu. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kutaka asilimia 10 ya shehena za maharagwe ya maganda kutoka Kenya zipimwe mipakani, baada ya mabaki yaliyozidi kiwango kugunduliwa. Mlaji wa nyumbani anastahili uangalifu huohuo.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumuulize muuzaji mboga imetoka wapi na imechumwa lini. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hujibu bila kusita. Pili, tuioshe mishiri ikiwa nzima, kabla ya kuikata ncha, kwa maji safi yanayotiririka, huku tukiisugua kwa mikono. Tusitumie sabuni, kwa kuwa chakula hicho hakikukusudiwa kuoshwa nayo. Tukumbuke pia kwamba maji huondoa sehemu ya mabaki yaliyo juu ya ganda, wala hayaondoi dawa iliyokwisha kupenya ndani. Kwa hiyo kuosha ni lazima, lakini hakuchukui nafasi ya mkulima kuzingatia siku za kungoja.

Upishi wenyewe

Kwa walaji wanne au watano, tuandae nusu kilo ya mishiri, kitunguu maji kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, nusu kijiko cha chai cha chumvi, pilipili manga kidogo na nusu ya ndimu.

1. Kata ncha za maganda yaliyooshwa. Marefu yagawe mara mbili ili yote yaive kwa wakati mmoja.
2. Chemsha maji mengi katika sufuria. Yakitokota, tia mishiri na uiache ichemke kwa dakika 5 bila kufunika.
3. Imimine katika chujio na uiache ikauke. Mishiri yenye maji ikiingia katika mafuta moto huyarusha, na mtu aweza kuungua.
4. Pasha mafuta katika kikaango kwa moto wa wastani. Kaanga kitunguu maji hadi kilainike, kisha tia kitunguu saumu kilichopondwa kwa nusu dakika tu, kwa kuwa kikiungua huwa kichungu.
5. Tia mishiri na chumvi. Geuza kwa mwiko kwa dakika 5 hadi 7, mpaka ganda liwe laini hadi ndani huku likibaki na ukakamavu kidogo.
6. Epua, nyunyiza pilipili manga na maji ya ndimu, kisha andaa mara moja.

Sababu za kanuni hizi

Rangi ya kijani ya mishiri huharibiwa na asidi. Ganda linapochemka hutoa asidi yake lenyewe, na sufuria ikifunikwa sehemu ya asidi hiyo hurudi majini pamoja na mvuke. Kwa sababu hiyo tumeshauri maji mengi na sufuria iliyo wazi. Kwa sababu hiyohiyo ndimu hutiwa mwisho, mboga ikiwa imekwisha kuepuliwa.

Wapo wanaotia magadi ili mboga ibaki ya kijani na iive upesi. Ni kweli kwamba magadi huihifadhi rangi, lakini hulilegeza ganda likawa kama uji, huharibu sehemu ya vitamini, na huongeza sodiamu katika chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, nasi hatuoni faida ya kukisogelea kiwango hicho kwa ajili ya rangi tu.

Jambo zito kuliko yote ni hili: mishiri isiliwe mbichi. Kama maharagwe mengine, ina kemikali ya asili iitwayo lektini, ambayo huweza kusababisha kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara saa chache baada ya kuliwa. Joto la kutosha huivunja. Ndiyo maana tumechemsha kwanza na kukaanga baadaye, ili jumla ya muda wa moto isipungue dakika 10. Anayemwonjesha mtoto ganda bichi akidhani ni sawa na karoti anamweka hatarini bila kujua.

Kuhifadhi

Mishiri inayongoja kupikwa isioshwe mapema, kwa kuwa unyevu huharakisha kuoza. Iwekwe katika mfuko wenye matundu ndani ya jokofu, sehemu isiyo na baridi kali, na itumiwe katika siku chache. Asiye na jokofu anunue ya siku hiyo. Iliyopikwa isiachwe mezani kwa zaidi ya saa mbili.

Haki ya mlaji

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro za bidhaa. Haki hizo haziishii kwenye magari na simu. Anayeuziwa pakiti iliyofungwa, juu yake maganda mabichi na chini yake maganda yaliyooza, anayo haki ya kuirudisha. Atunze stakabadhi, airudishe pakiti mapema, na aeleze kasoro kwa utulivu.

Maswali ya kujipima

1. Taja dalili mbili za ganda lililokomaa mno.
2. Kwa nini ndimu hutiwa mwisho?
3. Kuosha mishiri huondoa nini, na hakuondoi nini?
4. Kilo moja ikiuzwa kwa shilingi 120, na theluthi yake ikatupwa, kilo ya mboga inayolika imegharimu kiasi gani?

Atakayelijibu swali la nne kwa shilingi 180 amelielewa somo. Tunamshauri achukue hesabu hiyo aende nayo sokoni, na asisahau kulivunja ganda moja kabla ya kufungua mkoba.