Mtumishi wa Mwingine

Soma kwa ajili ya somo hili: Warumi 13:8–10, 14:1–23, 15:1–7, Matendo 18:1, 2, 1 Wakorintho 8, Wagalatia 3:19–25.

Fungu la kukariri: Warumi 15:7.

Wazo kuu: Mkristo anaweza kusimama imara katika jinsi anavyolielewa Neno la Mungu, na bado akampokea ndugu anayelielewa tofauti, kwa kuwa Hakimu wa wote wawili ni Bwana.

Kanisa moja, meza mbili

Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi watoke Rumi, na kwa sababu hiyo Akila na Prisila wakahamia Korintho (Matendo 18:2). Klaudio alikufa mwaka 54 BK. Miaka michache baadaye, Paulo alipowaandikia Warumi, wenzi hao walikuwa wamekwisha kurudi, na kanisa lilikutana nyumbani mwao (Warumi 16:3–5). Si vigumu kuwaza hali waliyoikuta waumini wa Kiyahudi waliorudi: makusanyiko yaliyozoea kuongozwa na watu wa Mataifa, wenye desturi nyingine za chakula na za siku.

*Soma Warumi 14:1–6. Waumini wa Rumi walitofautiana juu ya mambo gani?*

Torati haikukataza nyama zote. Aliyekula mboga tu alikuwa amejiwekea ulinzi kupita ulioagizwa. Huenda alihofu nyama ya sokoni iliyokwisha kutolewa kwa sanamu, jambo lililowasumbua pia Wakorintho (1 Wakorintho 8). Alitaka kuwa mwaminifu kwa Mungu. Mwenzake aliyekula alimshukuru Mungu huyo huyo kwa chakula chake. Wote wawili walikuwa na Maandiko yale yale.

Majaribu mawili

*Soma Warumi 14:3, 4, 10. Anayekula anaonywa asifanye nini? Na asiyekula je?*

Paulo anajua kwamba kila upande una jaribu lake. Anayejiona yuko huru humdharau mwenzake, akimwona mshamba wa imani. Anayejiona mwaminifu zaidi humhukumu mwenzake, akimwona amekwisha kuiacha njia. Dawa ya yote mawili ni moja: ndugu huyo ni mtumishi wa mwingine. Anayo nyumba anayotumika, na anaye Bwana wa kumwuliza habari za kazi yake. Jirani hana mamlaka ya kumfukuza.

Hata hivyo, Paulo hamwambii mtu yeyote aache kusadiki. Anataka kila mmoja awe na hakika katika nia yake mwenyewe (fungu la 5). Kinachoachwa ni kiti cha hukumu, kwa maana kiti hicho kina mwenyewe.

Mpaka uko wapi?

*Linganisha Warumi 13:8–10 na Warumi 14:5. Kwa nini Paulo hasemi juu ya uzinzi na wizi kama anavyosema juu ya mboga?*

Kabla tu ya kuzungumzia chakula, Paulo alitaja amri za Mungu, wala hakumwachia kila mtu aamue kama zinamhusu. Ndiyo maana Waadventista huelewa kwamba siku zinazotajwa katika sura ya 14 ni sikukuu au siku za kufunga, wala si Sabato ya amri ya nne. Uvumilivu wa Paulo haufuti amri. Unahusu mahali ambapo watu wanaoiheshimu amri hiyo hiyo wanafikia hitimisho tofauti juu ya jinsi ya kuitii. Kabla ya kumkemea ndugu, inafaa kuuliza: Je, amevunja neno lililo wazi, au amepinga maelezo ya mtu juu ya neno hilo?

Pembe kumi na roho moja

Mwaka 1888 wajumbe wa Konferensi Kuu walikutana Minneapolis, Marekani. Uriah Smith na A. T. Jones walibishana kama moja ya pembe kumi za Danieli 7 ni kabila la Huns au la Alemanni. E. J. Waggoner alifundisha kwamba torati iliyo kiongozi katika Wagalatia 3 ni Amri Kumi. Wengine, pamoja na rais G. I. Butler aliyekuwa mgonjwa na hakuhudhuria, walishikilia kwamba ni sheria za kafara na sikukuu.

Ellen G. White hakukubali maandishi yake yatumiwe kumaliza ubishi wa Wagalatia. Aliwaelekeza ndugu kwenye Biblia. Kilichomhuzunisha zaidi ni dhihaka na ukali wa ndugu wao kwa wao. Wengi walikuwa wakiangalia nani atashinda, na ujumbe wa haki kwa imani ukawapita. Uriah Smith aliungama mwaka 1891. Kuhusu Wagalatia, Ellen White aliandika mwaka 1896 kwamba fungu hilo linahusu hasa sheria ya maadili, na mwaka 1900 kwamba linahusu sheria zote mbili. Kila upande ulikuwa umeshika sehemu ya kweli, huku ukimnyima ndugu nafasi ya kuleta sehemu yake.

Katika darasa la leo

Dada mmoja amesoma 1 Wakorintho 11, naye hufunika kichwa kila anapoomba. Mwenzake amesoma sura hiyo hiyo, akaona kwamba kitambaa kilikuwa alama ya heshima katika mji wa Korintho, na kwamba leo heshima ina alama nyingine. Wote wawili wanataka kumheshimu Mungu. Wa kwanza akiitwa mtu wa zamani, na wa pili akiitwa mtu wa dunia, darasa limerudi Rumi kabla ya waraka kufika. Wakikaa benchi moja, kila mmoja akamwomba mwenzake amwonyeshe fungu lake, Neno litakuwa limefanya kazi yake.

Maswali ya kujadili

1. Wewe hujaribiwa zaidi na lipi: kudharau au kuhukumu? Kikundi chako kinaweza kukusaidiaje?

2. Soma Warumi 14:15, 19–21. Ni wakati gani upendo humtaka mtu aache jambo ambalo ana uhuru wa kulifanya?

3. Taja jambo moja linalowagawa waumini kanisani kwenu. Je, ni amri iliyo wazi, au ni maelezo juu ya amri? Mnawezaje kulijua pamoja, Biblia zikiwa wazi mbele yenu?

4. Kristo aliwapokea ninyi mkiwa katika hali gani? Jibu hilo linabadilishaje namna mtakavyompokea mwenzenu Sabato ijayo?