Kufundisha Urithi kwa Mfano wa Rangi ya Farasi

Farasi wawili weusi waweza kuzaa mtoto mwekundu. Mwanafunzi asiyejua sababu hudhani kuwa jike alipandwa na dume mwingine. Dhana hiyo yafaa tuiondoe mapema, kwani darasani wamo watoto wasiofanana na wazazi wao, na maneno ya majirani huwaumiza.

Kanuni: Mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni ya weusi hutawala. Ya wekundu hujificha. Basi farasi mwekundu ana jeni mbili za wekundu, na wekundu wawili huzaa wekundu tu. Mweusi huenda akabeba wekundu usioonekana.

Zoezi: Tutie katika kila kopo, la "baba" na la "mama", maharagwe 10 meusi na 10 mekundu. Mwanafunzi achopoe moja kila kopo bila kutazama, aandike jozi, kisha ayarudishe. Jozi ya mekundu mawili, yaani mtoto mwekundu, hutazamiwa mara 1 katika 4. Hesabu za vikundi zitatofautiana. Tuzijumlishe ili wanafunzi waone zinavyokaribia robo.

Tahadhari: Farasi wa kahawia mwenye mkia mweusi huhitaji jeni nyingine, tumwache kwa somo la baadaye. Wala tusiwaagize wanafunzi kuwapima wazazi wao kwa kanuni hii. Rangi ya ngozi ya mwanadamu hutokana na jeni nyingi, na kopo mbili hazitoshi kuieleza.