Somo la Tano: Mwanafunzi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa wa Hospisi

Lengo la somo: Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji wa huduma ataweza kutaja haki zake pale mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo anapoletwa kwa mgonjwa, na kuutambua mpaka wa kazi ya mwanafunzi huyo.

1. Asili ya mafunzo haya

Hospisi ni huduma apewayo mtu mwenye ugonjwa usiotarajiwa kupona, kama vile saratani iliyoenea mwilini. Kusudi lake si kukiharakisha kifo wala kukiahirisha, bali kutuliza maumivu, kuhifadhi heshima ya mgonjwa na kuitegemeza familia yake, hata baada ya msiba. Mwaka 1967 Dkt. Cicely Saunders, aliyekuwa amesomea uuguzi, ustawi wa jamii na udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London iwe mahali pa kutunza, kufundisha na kutafiti. Nchini Kenya, Nairobi Hospice ilianza kuwahudumia wagonjwa mwaka 1990.

Basi kumkuta mwanafunzi katika huduma hii si jambo la ajabu. Wauguzi, matabibu na maafisa wa ustawi wa jamii wa kesho hawana budi kujifunza leo. Hata hivyo, mgonjwa si kifaa cha kujifunzia. Muda wake ni mfupi, na kosa linalotendwa katika siku zake za mwisho huenda lisipate nafasi ya kurekebishwa.

2. Haki za mgonjwa na familia

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa pamoja na maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo. Kifungu cha 31 hulinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa msingi huo, zingatia yafuatayo:

(a) Uliza jina la mwanafunzi, chuo chake, mwaka wake wa masomo, na jina na simu ya msimamizi wake. Ni vyema msimamizi huyo awepo siku ya kwanza ili amtambulishe.

(b) Mgonjwa aulizwe kwanza, naye yu huru kukubali au kukataa. Aliyekubali jana aweza kukataa leo. Kukataa kwake kusiwe sababu ya kupunguziwa huduma.

(c) Mwanafunzi asipige picha, wala asisimulie habari za mgonjwa mitandaoni. Akiandika ripoti ya chuo, aondoe majina na kila dalili ya kumtambulisha mgonjwa.

(d) Mwanafunzi asidai malipo kwa familia, wala asijiingize katika mambo ya wosia na mirathi.

3. Mpaka wa kazi

Mwanafunzi aweza kumsikiliza mgonjwa, kumsomea, kusaidia kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia, kumlowanisha midomo iliyokauka, na kuandika maswali ya familia ili yampate muuguzi. Tena aweza kuketi na mgonjwa ili mlezi apate usingizi wa saa moja. Na kwa mlezi aliyekesha wiki nzima, saa hiyo ni msaada mkubwa.

Lisilo lake ni kubadili dawa, kutangaza siku zilizobaki, au kumwambia mgonjwa habari ambazo daktari hajamweleza.

Chukua mfano huu. Mama mmoja hunywa morfini ya maji kila baada ya saa nne, kama alivyoandikiwa. Saa tisa alasiri maumivu yanamzidi, na binti yake anamwuliza mwanafunzi, "Mama bado analia. Nimwongezee kidogo?" Jibu linalofaa ni hili: "Dada, swali hilo si langu kulijibu. Tumpigie muuguzi simu sasa hivi." Kisha mwanafunzi ataandika saa maumivu yalipoanza, mahali yalipo, na siku mama alipopata choo mara ya mwisho, kwa maana morfini hufunga choo, na tumbo lililofunga nalo huuma. Muuguzi akipata maelezo hayo ataamua kwa haraka zaidi. Mwanafunzi hapa hakugusa dawa, lakini amesaidia.

4. Kuagana

Mafunzo yana tarehe ya mwisho. Mgonjwa anayeagana na mengi asiachwe ghafla na mtu aliyemzoea. Ulizeni mapema mwanafunzi ataondoka lini, naye arudi kuaga. Mgonjwa akifariki kabla ya tarehe hiyo, familia iulize hospisi ni nani atakayeendelea kuwatembelea wafiwa, maana kazi hiyo haipaswi kuachiwa mwanafunzi peke yake.

5. Likitokea tatizo

Mweleze msimamizi kwanza, kisha mkuu wa hospisi, na ikibidi, chuo. Andika tarehe, saa na jambo lililotendeka. Lalamiko si utovu wa shukrani. Humlinda mgonjwa, na humfundisha mwanafunzi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugonjwa huu hauponi, lakini mgeni anayejua mpaka wake aweza kuwapunguzia wenyeji mzigo.

Maswali ya kujipima

1. Ni mambo gani manne utakayomwuliza mwanafunzi siku ya kwanza?
2. Kwa nini mwanafunzi katika mfano hakumwongezea mama dawa?
3. Katika nyumba yako, nani atamwuliza mgonjwa kama anaridhia, na atamwuliza kwa maneno gani?