Kizazi Kinaposhuka: Kijitabu cha Mama na Watu wa Nyumbani Kwake

Wanawake wengi huligundua tatizo hili wakati wa kuoga au kuchutama chooni: mkono unagusa uvimbe laini ukeni ambao asubuhi haukuwepo. Kiuno kinavuta, chini kunakuwa kuzito, na jioni hali inazidi. Akilala, uvimbe unarudi ndani. Kwa kuwa ni mahali pa siri, mama hunyamaza, pengine miaka. Mama, hujalogwa, na hali hii haiambukizi. Ina tiba.

Kwa nini kinashuka

Kizazi, kibofu cha mkojo na mwisho wa utumbo mkubwa hushikiliwa na misuli na kano za nyonga. Ni kama kitanda cha teremka-tukaze: kamba zikilegea, katikati panabonyea. Kinacholegeza zaidi ni kujifungua kwa njia ya kawaida, hasa uchungu ukichukua muda mrefu, mtoto akiwa mkubwa, au uzazi ukiwa wa mara nyingi. Hata aliyezaa mara moja anaweza kupata. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua na sehemu hizo hudhoofika. Kikohozi kisichoisha, choo kigumu, unene na mizigo mizito huongeza shinikizo.

Kibofu kikishuka, mkojo hutoka kwa shida au mama huhisi haujaisha. Ukuta wa nyuma ukilegea, wengine hulazimika kubonyeza uvimbe kwa kidole ndipo choo kitoke. Mweleze muuguzi hilo bila kuficha, maana linamsaidia kujua ni kiungo kipi kimeshuka.

Kukaza misuli

Bana kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja. Mapaja na makalio yasikaze, na usizuie pumzi. Hesabu hadi 5, achia, pumzika, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na polepole ufikie hesabu ya 10. Usifanye zoezi hili katikati ya kukojoa. Nafuu huchukua miezi kama 3, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili. Zoezi hufaa zaidi uvimbe ukiwa bado mdogo.

Uvimbe ukiwa mkubwa, mtaalamu anaweza kukuwekea ukeni pete laini ya silikoni inayoshikilia viungo. Hupimwa ikutoshe, na lazima urudi ikaguliwe na kusafishwa kwa tarehe utakayopewa. Upasuaji nao upo. Ukitaka kuzaa tena, sema kabla ya kuamua.

Baba, watoto, wakwe

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kama kilo 20. Mama huyu asijitwike kichwani. Achote kidogokidogo, au abebe mwingine. Vivyo hivyo kuni na magunia. Mpeni maji ya kutosha, mboga za majani, matunda na maharage ili choo kiwe laini. Aliyejifungua apumzishwe kweli. Mume amsindikize kliniki.

Msingoje

Usiweke dawa za majani wala vitambaa ukeni. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukishindwa kukojoa, au uvimbe ukibadilika rangi, ukiuma sana na kugoma kurudi. Kidonda juu ya uvimbe, uchafu wenye harufu, au damu baada ya hedhi kukoma vichunguzwe mapema, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi nayo huweza kuanza kwa damu. Mkojo ukichuruzika mfululizo, usiku na mchana, tangu ujifungue, huenda ni fistula. Nayo hutibiwa hospitali.