Pikipiki Ijisawazishayo na Ujuzi wa Dereva

Simamisha baiskeli katikati ya uwanja bila kuiegemeza popote, nayo itaanguka mara moja. Isukume kwa nguvu kisha uiachie: itakwenda hatua nyingi ikiwa wima, bila mtu juu yake, na itaanguka tu mwendo wake utakapopungua. Pikipiki nayo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Katika miaka ya karibuni viwanda kadhaa vimeonyesha pikipiki ziwezazo kusimama zenyewe bila kushikwa. Wapo waliodhani kwamba dereva stadi sasa hahitajiki. Katika makala hii tutaeleza jinsi mashine hizo zifanyavyo kazi, kisha tutaonyesha kwamba zinatatua tatizo moja, hali tatizo liuwalo watu liko mahali pengine.

Nini huizuia pikipiki isianguke?

Chukua ufagio wenye mpini mrefu, uusimamishe juu ya kiganja. Ukianza kulalia kulia, wewe huhamisha kiganja kulia ili kitako cha mpini kirudi chini ya kitovu cha uzito. Pikipiki hufanya kazi ile ile kwa kutumia gurudumu la mbele. Inapolalia kulia, gurudumu hilo hugeuka kulia kidogo, na matairi hurudi chini ya uzito. Bila mwendo tendo hili haliwezekani, maana tairi lisilozunguka haliwezi kuhama.

Kwa muda mrefu wengi walifundishwa kwamba magurudumu yazungukayo ndiyo yashikiliayo baiskeli wima, kama pia ichezwayo na watoto. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alichapisha matokeo ya jaribio lake. Alifunga kando ya gurudumu la mbele gurudumu la pili lisilogusa ardhi, akalizungusha kinyume ili kufuta nguvu ya lile la kwanza. Baiskeli ile iliendeshwa bila shida kubwa. Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi na Marekani walionyesha chombo kidogo cha magurudumu mawili ambacho, ingawa nguvu hiyo ilikuwa imefutwa, kilijisawazisha kikiwa katika mwendo. Fundisho ni kwamba hakuna sababu moja tu. Mpangilio wa uzito, umbo la uma wa mbele na mwendo hushirikiana kuligeuza gurudumu upande wa kuanguka.

Njia za kusimamisha pikipiki isiyo na mwendo

Njia ya kwanza ni jairoskopu, yaani gurudumu zito lizungukalo kwa kasi kubwa, ambalo hupinga kugeuzwa kwa mhimili wake. Mwaka 1909, huko Gillingham, Uingereza, mhandisi Louis Brennan alionyesha behewa lililobeba watu juu ya reli moja tu, likishikiliwa na magurudumu mawili ya namna hiyo yaliyozunguka pande tofauti. Njia hii ni thabiti, lakini huongeza uzito na hutumia nishati hata chombo kikiwa kimesimama.

Njia ya pili ni ile ya ufagio. Mwezi Januari 2017 kampuni ya Honda ilionyesha mjini Las Vegas pikipiki isiyo na jairoskopu. Vihisi hupima jinsi chombo kinavyolala, kompyuta hupiga hesabu, na mota huligeuza gurudumu la mbele kushoto na kulia kwa kiasi kidogo sana. Katika mwendo wa polepole uma husogezwa mbele ili kazi hiyo iwe nyepesi.

Njia ya tatu ni kuhamisha uzito. Mwaka huo huo wa 2017 kampuni ya Yamaha ilionyesha mjini Tokyo pikipiki ya umeme ambayo betri yake nzito husogezwa upande ili kurudisha msawazo, kama mtu apitaye juu ya gogo anavyonyoosha mikono.

Msomaji ataona kwamba njia zote hizi zina manufaa makubwa zaidi pale pikipiki inaposimama au kwenda polepole: kwenye foleni, au mlangoni mwa nyumba. Huko, anayeanguka mara nyingi huumia kidogo. Katika kasi, pikipiki karibu hujisawazisha yenyewe, na hatari hutoka kwingine.

Hatari iko wapi?

Tuanze na kona. Dereva hulaza pikipiki ndani ya kona kwa pembe ambayo tangenti yake ni v² ÷ (r × g), ambapo v ni mwendokasi, r ni nusu kipenyo cha kona, na g ni mchapuko wa graviti. Tuchukue kona yenye r ya mita 20. Kwa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, jibu ni 100 ÷ 196, au 0.51, pembe ni nyuzi 27. Kwa kilomita 72 kwa saa jibu ni 2.04, pembe ni nyuzi 64. Tairi la kawaida juu ya lami kavu hufika ukomo wa msuguano wake karibu na nyuzi 45, na juu ya changarawe au lami iliyolowa mapema zaidi. Hakuna kompyuta iwezayo kuipitisha pikipiki hapo kwa kasi ile. Nguvu zote za kugeuza na kusimamisha hupita katika mguso wa tairi na ardhi, ambao hauzidi sana ukubwa wa kiganja.

Sasa tutazame breki. Tuseme dereva huchukua sekunde 1 kabla ya kukamata breki, kisha hupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Kwa kilomita 36 kwa saa atahitaji mita 10 za kutambua na mita 10 za kusimama, jumla mita 20. Kwa kilomita 72 kwa saa atahitaji mita 20 na mita 40, jumla mita 60. Kasi imeongezeka mara mbili, umbali mara tatu.

Mwaka 1981 ilichapishwa Marekani taarifa ya uchunguzi wa ajali zaidi ya 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ulioongozwa na Harry Hurt. Ilionekana kwamba katika ajali ya kawaida dereva alikuwa na muda usiotimia sekunde 2 wa kujiokoa. Wengi walikaza breki ya nyuma kupita kiasi na kuitumia kidogo ile ya mbele, na asilimia 92 hawakupata mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki.

Ujuzi ni nini basi?

Ujuzi wa kwanza ni kugeuza kwa kusukuma kinyume. Anayetaka kwenda kulia kwa haraka husukuma mbele mkono wa kulia wa usukani. Gurudumu huelekea kushoto kwa kitambo kidogo, matairi hutoka chini ya uzito, pikipiki hulala kulia na kugeuka kulia. Kila mwendesha baiskeli hufanya hivyo bila kujua. Asiyejua atauvuta usukani upande usiofaa siku ya hatari.

Ujuzi wa pili ni kutumia breki zote mbili, kwa kuongeza nguvu hatua kwa hatua. Breki zizuiazo gurudumu kujifunga, ambazo BMW ilianza kuziweka katika pikipiki zake mwaka 1988, humsaidia sana dereva katika jambo hili, lakini haziongezi msuguano uliopo barabarani.

Ujuzi wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, ni kuchagua mwendo na nafasi kabla hatari haijatokea. Katika miji yetu, ambako pikipiki hubeba abiria mchana na usiku, jambo hili ni la uhai na kifo. Abiria wawili au watatu nyuma, ile iitwayo mishikaki, hupunguza uzito ulio juu ya gurudumu la mbele, yaani gurudumu lile lile lishikalo msawazo na mwelekeo.

Mashine itamshika dereva asianguke akiwa amesimama. Kuamua aingie kwenye kona kwa kasi gani kunabaki kuwa kazi yake.

Maswali kwa darasa

1. Kwa nini ni rahisi zaidi kusimamisha juu ya kiganja ufagio mrefu kuliko kalamu?
2. Usukani wa baiskeli ukifungwa kabisa usigeuke, kwa nini hata fundi wa kuendesha ataanguka?
3. Tafuta umbali wa kusimama kwa kilomita 54 kwa saa, ukitumia kanuni zile zile zilizotumika hapo juu.