Nyuma ya Mbao za Ukuta

Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu wapenzi wa jinsia moja katika historia, na namna ya kuzitunza karatasi zao

Kijitabu hiki tumekiandika kwa walimu wa historia, wakutubi, watunza nyaraka, na yeyote aliyewahi kurithi sanduku la barua za marehemu asijue alifanye nini. Kinahusu wanawake waliopenda wanawake na wanaume waliopenda wanaume katika zama zilizopita. Katika vitabu tulivyosomea shuleni watu hao hawamo, na wengi wetu tumekua tukiamini kwamba hawamo kwa sababu hawakuwapo. Walikuwapo. Kutoonekana kwao ni kazi iliyofanywa na watu: yupo aliyechoma, yupo aliyefungia kabatini, yupo aliyemkatalia shahidi asisikilizwe. Yupo pia, kwa nadra, aliyeficha ili kuokoa, na huyo ndiye tunayeanza naye.

Shajara ya Shibden

Shibden Hall ni nyumba ya kale nje kidogo ya mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1826 ilikuja mikononi mwa Anne Lister, aliyezaliwa 1791, baada ya ami yake kufariki. Aliwasimamia mwenyewe wapangaji, mashamba na machimbo ya makaa ya mawe, wakati ambapo mwanamke wa tabaka lake alitarajiwa kushona na kungoja posa. Alivaa nyeusi, na watu wa mji walimbandika jina la kiume la kumcheka.

Aliandika karibu kila siku. Shajara yake ina maneno yapatayo milioni 5, na kama sehemu moja kwa sita iko katika alama za siri, mchanganyiko wa herufi za Kigiriki na alama za hesabu, bila nafasi kati ya neno na neno. Kwa maandishi ya wazi anaeleza hali ya hewa, kodi za wapangaji, safari. Kwa alama anaeleza wasiwasi wa fedha, maradhi, watu anaowadharau, na mapenzi yake kwa wanawake: aliyelala naye, aliyemvunja moyo, aliyerudi kwa mumewe. Mariana Belcombe, aliyempenda kwa miaka mingi, aliolewa na mwanamume mwenye mali mwaka 1816, na jeraha la harusi ile linaonekana katika shajara kwa miaka mingi iliyofuata.

Pasaka ya mwaka 1834 Anne alikwenda na Ann Walker, jirani yake mwenye mali, kwenye kanisa dogo la Utatu Mtakatifu katika mtaa wa Goodramgate mjini York. Wakapokea Komunyo pamoja. Hapakuwa na cheti, hapakuwa na mshenga wala mashahidi. Wenyewe waliihesabu siku ile kuwa sehemu ya kufunga ndoa yao, wakaishi Shibden nyumba moja. Miaka 6 baadaye Anne alifariki kwa homa huko Kutaisi, katika Georgia ya leo, wakiwa safarini wawili. Ann Walker alileta jeneza hadi Halifax, na mazishi yakafanyika 1841. Hebu tafakari safari ile ya nchi kavu na bahari kabla ya zama za reli kuenea, mjane ambaye hakuna aliyemwita mjane. Mwaka 1843 akatangazwa kuwa hana akili timamu, akaondolewa nyumbani na kupelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na York.

Miaka hamsini hivi ikapita. Mwenye Shibden sasa alikuwa John Lister wa ukoo huohuo, mpenzi wa historia, aliyekwisha kuchapisha vipande vya wazi vya shajara katika gazeti la mji. Akiwa na rafiki yake mwalimu, Arthur Burrell, aliketi kuzifumbua zile alama. Walibahatisha herufi mbili, h na e. Kisha katika sanduku la hati wakakuta kipande cha karatasi, maneno yake yakiwa ya wazi isipokuwa la mwisho, yakisema kwamba kwa Mungu ndiko liliko hilo lililoandikwa kwa alama. Neno la Kiingereza la tumaini lina herufi nne. Linaanza na h, linaishia na e. Neno hilo moja likawapa herufi nyingine mbili, na kutoka hapo zilizobaki zikaanza kujitokeza moja moja.

Burrell aliposoma alishtuka, akamshauri mwenzake azichome. Hofu yake haikuwa ya bure. Sheria ya mwaka 1885 ilikuwa imepanua makosa ambayo kwayo mwanamume angeweza kufungwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, na aibu ya ukoo mmoja ilitosha kuangusha nyumba nzima. John Lister hakuchoma. Alivirudisha vitabu kwenye rafu nyuma ya mbao za ukuta, akanyamaza mpaka alipokufa mwaka 1933. Unaweza kumlaumu kwa kunyamaza. Sisi tunaofanya kazi na karatasi tunamshukuru, kwa sababu alichokificha kiliweza kusomwa baadaye.

Baada ya kifo chake nyumba ikawa chini ya mji. Burrell, akiwa mzee, aliipa maktaba ya Halifax ufunguo wa zile alama, nao ukafungiwa. Kwa miongo kadhaa watafiti waliosoma sehemu za siri waliandika kana kwamba humo hamna la maana. Ilibidi angojewe Helena Whitbread, mkazi wa Halifax aliyerudi masomoni akiwa mtu mzima, aliyeanza kusoma kurasa hizo katika miaka ya 1980 akitafuta mada ya kuandikia. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1988. Mwaka 2011 shajara ikaingizwa katika orodha ya Uingereza ya Kumbukumbu ya Dunia, mpango wa UNESCO.

Usidhani mambo yakaisha hapo. Mwaka 2018 lilipobandikwa bamba la kumbukumbu katika kanisa lile la York, maneno yaliyochaguliwa yalizungukazunguka bila kusema kwamba alipenda wanawake. Maelfu ya watu walitia saini kulalamika, na 2019 bamba likabadilishwa likasema. Miaka 178 baada ya kuzikwa, bado watu walikuwa wakivutana kuhusu neno moja.

Ukimya uliopigiwa hoja

Wanawake wanaonekana kidogo zaidi kuliko wanaume katika nyaraka za serikali, na ipo sababu. Sheria za Uingereza, tangu ile ya Mfalme Henry VIII ya mwaka 1533, ziliwaandama wanaume. Wanaume wakaacha nyuma majalada ya polisi, mashtaka, hukumu. James Pratt na John Smith, walionyongwa nje ya jela ya Newgate jijini London Novemba 1835, tunawajua kwa sababu ya kesi yao. Wao ndio wa mwisho kunyongwa Uingereza kwa kosa hilo. Adhabu ya kifo iliondolewa 1861. Ni jambo la kuhuzunisha mtu akumbukwe kwa saa yake mbaya kuliko zote, tena kwa maneno ya walioshuhudia dhidi yake.

Mwaka 1921 lililetwa bungeni pendekezo la kuwaingiza wanawake pia katika sheria. Baraza la chini lilipitisha. Mabwana wa baraza la juu wakakataa, na hawakukataa kwa huruma: walihofu kwamba kulitaja jambo lenyewe kungewajulisha wanawake kitu ambacho wengi wao hawajawahi kukisikia. Kutotajwa kukawa sera. Mtafiti anayefungua makabati ya mahakama akakosa wanawake anakutana na matokeo ya sera ileile.

Pembetatu ya waridi

Kuna picha ambayo karibu kila kitabu cha historia ya Ulaya kinayo: vijana wa Kinazi wakitupa vitabu motoni mjini Berlin, usiku wa tarehe 10 Mei 1933. Chini ya picha huandikwa kwamba Wanazi walichukia vitabu. Ni mara chache huelezwa kwamba sehemu ya vitabu na karatasi zilizoungua usiku ule ilitoka katika Taasisi ya Sayansi ya Jinsia ya daktari Magnus Hirschfeld, iliyofunguliwa 1919 na kuvamiwa siku nne kabla ya moto. Tangu mwaka 1897 Hirschfeld alikuwa akipigania kufutwa kwa kifungu cha 175 kilichowaadhibu wanaume wapendanao. Tunawaomba walimu: mkiifikia picha hiyo darasani, semeni ni karatasi za nani.

Wanazi walikikaza kifungu hicho mwaka 1935. Wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa katika utawala wao, na maelfu wakapelekwa kwenye kambi za mateso, wengi wakishonewa pembetatu ya waridi kifuani. Mmoja wao ni Josef Kohout wa Vienna, aliyekamatwa 1939 baada ya kadi ya Krismasi aliyomwandikia mpenzi wake kuanguka mikononi mwa polisi. Alipitia Sachsenhausen, kisha Flossenbürg. Akatoka hai.

Vita vilipokwisha, milango ya kambi ilifunguliwa lakini kifungu kilibaki. Ujerumani Magharibi iliendelea kutumia maneno yaleyale ya 1935 hadi 1969, na katika kipindi hicho watu wengine wapatao 50,000 walihukumiwa. Aliyekwenda kudai fidia alijibiwa kwamba yeye ni mhalifu aliyetumikia kifungo chake. Nani angejitokeza kusimulia? Kohout aliyasimulia maisha yake kwa mwandishi, na kitabu kikatoka 1972 kikiwa na jina la bandia, Heinz Heger. Alipokufa mwaka 1994, miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na kitambaa chenye namba yake ya kambi na pembetatu ya waridi. Alikuwa amekitunza karibu nusu karne. Mwenzi wake hakukitupa, na leo kimo katika jumba la makumbusho ya mauaji ya Wayahudi na wahanga wengine wa Nazi, Washington.

Hukumu za baada ya vita zilifutwa kwa sheria mwaka 2017. Wengi wa waliohukumiwa walikuwa wamekwisha kufariki.

Kifungu kilichosafiri

Msomaji wa Afrika Mashariki husikia mara kwa mara kwamba mambo haya yameletwa na wageni. Tungependa aitazame karatasi. Mwaka 1860 Waingereza waliitungia India Kanuni ya Adhabu, na kifungu chake cha 377 kikataja tendo la kimwili lililo kinyume cha maumbile. Kanuni hiyo ikavushwa bahari na kutumika katika himaya ya Afrika Mashariki tangu mwisho wa karne ya 19, kisha Kenya na Tanganyika zikatungiwa kanuni zao mwaka 1930. Maneno hayo ya kinyume cha maumbile yamo hadi leo katika kifungu cha 162 cha Kenya na cha 154 cha Tanzania Bara. Uingereza yenyewe ililegeza sheria yake kwa England na Wales 1967. India iliondoa adhabu kwa watu wazima walioridhiana 2018. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikiacha kifungu kisimame. Mwenye kutafuta kilicholetwa na wageni, hapa ana tarehe ya kuletwa kwake.

Usiharakishe kutaja

Haki ya waliosahauliwa hailindwi kwa kubuni. Mwaka 1964 huko Saqqara, Misri, lilifunguliwa kaburi la Niankhkhnum na Khnumhotep, wasimamizi wa watunza kucha wa mfalme katika nasaba ya tano, zaidi ya miaka 4,300 iliyopita. Ukutani wamechorwa wamekumbatiana, pua kwa pua, mkao ambao wachoraji wa kaburini walizoea kuwapa mume na mke. Humohumo wamechorwa wake na watoto wao. Wapo wataalamu wasemao ni wapenzi, wapo wasemao ni ndugu, pengine mapacha. Mwalimu aeleze yote mawili, awaonyeshe wanafunzi ile picha, awaache waangalie.

Vilevile nyumba ntobhu ya Wakurya, ambapo mwanamke hulipa mahari na kuoa mwanamke mwenzake. Wenyewe wanaieleza kuwa ni ndoa ya kuendeleza mji na kupata warithi. Kuifanya ushahidi wa mahaba ni kuwanyang'anya Wakurya maelezo yao wenyewe, kosa lilelile tunalowalaumu nalo wengine. Na maneno hugeuka: pwani, wanawake wameitana shoga kwa maana ya mwandani tangu zamani, na bado utalisikia Unguja na Tanga. Ukilikuta katika barua ya kale, soma barua nzima kwanza.

Ukiwa na sanduku

Usichome siku ya kwanza, hasa siku za msiba, ambapo nyumba hutakwa isafishwe haraka. Ziweke karatasi pakavu, mbali na mchwa na unyevu. Usizipange upya wala kuzibandika kwa gundi ya plastiki. Kama barua zinataja mtu aliye hai, siri yake si yako kuitoa, na katika nchi ambako anaweza kufungwa, uzembe wako unaweza kumwangamiza. Hifadhi nyingi za nyaraka hukubali kupokea mzigo kwa sharti kwamba ufungwe kwa miaka utakayotaja. Uliza, na sharti liandikwe.

Nanyi mnaoandika orodha za makabati: mkikuta wawili walioishi pamoja miaka 30 na kuachiana mali kwa wasia, msiandike tu “rafiki” mkafunga jalada. Andikeni kwamba waliishi pamoja miaka 30 na kuachiana mali. Mtafiti ajaye atajua atafute wapi.

Hadi hivi karibuni, Ann Walker alijulikana kwa kalamu ya Anne Lister, na kwa wale waliomtangaza hana akili. Mwaka 2020, katika hifadhi ya nyaraka ya huko kwao, kati ya karatasi za ukoo mwingine, ilitambuliwa shajara ndogo isiyo na jina la mwandishi. Ni yake, kuanzia Juni 1834 hadi Februari 1835, miezi yao ya mwanzo pamoja. Ilikuwa rafuni muda wote.